Familia Namba Kumi na Tisa

Barua haikuwa na jina wala sahihi. Ilikuwa na mistari minne tu, imepigwa kwa taipureta yenye herufi "a" iliyoziba tumbo, na ilifika wizarani Dar es Salaam wiki tatu kabla Daktari Telesia Haule hajapanda gari kwenda Njombe.

"Familia namba 19 ya Makambako haipo. Watu wake tisa wamebuniwa na Daktari Jasmine Sanga ili atimize idadi. Balozi wa mtaa hawajui. Chunguzeni kabla hamjaipa ithibati Hospitali ya Nundumilo."

Telesia alikuwa na miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Mlangali, daktari kwa miaka ishirini na saba. Tangu serikali ilipoziruhusu tena hospitali za watu binafsi na kuzifungulia mlango zile za makanisa zifundishe madaktari bingwa, maombi yalikuwa yamejaa mezani kwa kamati ya ithibati, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuona kama kilichoandikwa kipo. Mwaka huo wa 1996 alikuwa amekwisha kufunga programu mbili. Moja ilikuwa na maktaba nzima ya vitabu vya kuazima kwa siku za ukaguzi, na aliigundua kwa muhuri wa shule ya sekondari kwenye kurasa za ndani.

Asubuhi ya siku yake ya tatu Nundumilo, jua la Juni lilikuwa limetoka lakini halijapasha kitu. Daktari Ezekia Mlowe, mkuu wa mafunzo, alikuwa akimsubiri varandani, koti la sufu juu ya koti jeupe.

"Kamwene, Daktari."

"Kamwene."

"Chumba cha upasuaji umekiona?"

"Nimekiona."

"Na maabara?"

"Safi. Sikutegemea kukuta hadubini mbili zinazofanya kazi."

Mzee Ezekia alishindwa kuficha tabasamu. Alikuwa ameitumikia hospitali hiyo tangu ilipokuwa wodi moja na jiko la kuni. Mafunzo haya ya miaka mitatu ya udaktari wa familia aliyaandikia maombi kwa mkono wake mwenyewe, na madaktari wanne wa awamu ya kwanza aliwajua kama mtu anavyowajua watoto wake.

"Basi kumebaki nini?" aliuliza.

"Limebaki kabati."

Kabati lilikuwa katika chumba cha madaktari wanafunzi. Mwongozo wa kamati ulisema kila mwanafunzi afuatilie familia kumi kwa miaka miwili: azitembelee nyumbani, ajue nani anaumwa nini na kwa nini. Wanafunzi wanne, mafaili arobaini. Faili moja likiwa la uongo, mwenye faili angenyang'anywa leseni na hospitali isingepata ithibati.

Telesia hakuliendea namba 19 moja kwa moja. Alisoma la tatu, la nane, la thelathini na moja, akiandika vitu kwenye daftari lake ili yeyote atakayechungulia asijue anatafuta nini. Kisha akalivuta.

Mkuu wa kaya: Anifa Badru, miaka 52. Makazi: Makambako, nyuma ya stesheni. Wanakaya: tisa. Ziara: thelathini na moja.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza kwenye umri. Mkuu wa kaya alikuwa na miaka hamsini na miwili, na chini yake palikuwa na Abdulaziz wa miaka sitini na saba, Mudy wa ishirini na tisa, Shamimu wa ishirini na nne. Kasoro ya pili ilikuwa safu ya "uhusiano na mkuu wa kaya". Kwa watu wote ilikuwa tupu. Ya tatu ndiyo iliyomfanya avue miwani na kuivaa tena. Katika mafaili mengine mchoro wa ukoo ulianza na babu na bibi juu, mistari ikashuka kwa watoto na wajukuu. Hapa hapakuwa na babu wala mjukuu. Palikuwa na visanduku vitano vimepangwa kama herufi U, majina ndani yake, na kando ya kila jina J1 au J2.

Mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamke kijana, mfupi, mikono ya koti imekunjwa hadi viwikoni. Alichukua kipimo cha presha mezani, akaona faili lililo mkononi mwa mkaguzi, akasimama.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Jasmine Sanga."

"Endelea na kazi yako, Daktari Jasmine."

Jasmine alitoka bila kugeuka nyuma. Telesia hakumuuliza J ni nini. Mtu akiulizwa mapema hupata nafasi ya kupanga majibu. Alilitia faili mkobani, akasaini kwenye daftari la kabati kwamba amelichukua, akamwita dereva wake.

"Agustino, gari lina mafuta ya kufika Makambako na kurudi?"

"Hata mara mbili, mama."

Agustino alikuwa dereva wa wizara kwa miaka kumi na tano, na wakaguzi aliowaendesha walikuwa wengi kuliko aliowakumbuka. Walipofika Makambako alipunguza mwendo bila kuambiwa. Malori ya Tunduma na ya Songea yalikuwa yamepanga foleni kandokando ya barabara. Miaka michache nyuma pale palikuwa na duka moja la ushirika lenye rafu tupu. Sasa palikuwa na marobota ya mitumba, magunia ya mahindi, redio za Dubai na watu wa kila kabila wanaopiga kelele kwa Kiswahili kimoja.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Romani, walimkuta kibandani kwake akichomelea waya wa redio. Telesia alijitambulisha, akamwonyesha barua ya wizara. Mzee aliweka chuma chini kwa adabu.

"Natafuta familia ya Anifa Badru," Telesia alisema.

"Hakuna."

"Hata hujafikiri, mzee."

"Nimefikiri mara ya kwanza, mama. Wewe ni wa pili kuuliza."

Telesia hakunyanyua uso kutoka kwenye daftari lake. "Wa kwanza alikuwa nani?"

"Daktari kijana wa huko Njombe. Mrefu, wa miwani, alikuja na pikipiki. Mwezi wa tano hivi. Nami nikamjibu hivihivi. Bi Anifa yupo, ana nyumba hapo nyuma ya stesheni. Lakini familia hana. Mumewe alikuwa wa reli, amefariki. Mtoto hakujaliwa hata mmoja. Pale kuna wapangaji tu, mama, watu wa kuja. Huyu wa Tanga, huyu wa Kigoma."

"Mpangaji haandikwi kwenye daftari lako?"

"Naandika familia."

Walipotoka nje Agustino alishusha pumzi. "Basi, mama. Mwanamke hana mume, hana mtoto, na faili lina watu tisa. Kesi imekwisha."

"Wewe umemwona nani mpaka sasa?"

"Balozi."

"Na mimi vilevile. Twende kituo cha afya."

Kituo hicho ndicho kilichopokea vipimo vya wagonjwa wa Nundumilo waliokaa Makambako. Mtaalamu wa maabara alikuwa dada mwembamba mwenye mwandiko wa mistari minyoofu. Telesia alimpa namba tatu alizozinakili kutoka kwenye faili, namba tu, bila majina.

"Nisomee wenyewe."

Dada alipekua daftari kubwa la mwaka uliopita. "Mia mbili na thelathini na tisa, Mudy. Makohozi ya kifua kikuu, chanya. Mia mbili na arobaini, Shamimu, chanya. Mia mbili na arobaini na moja, Abdulaziz, chanya."

"Nani aliwaleta?"

"Yule daktari mfupi. Aliwaleta tisa, wote siku moja. Nilimlalamikia, siku hiyo nilikuwa peke yangu." Alisita kidogo. "Wengine sita walikuwa salama. Nao nimewaandika."

Telesia alisoma ukurasa mwenyewe, mstari kwa mstari. Wino ulikuwa uleule wa kurasa za kabla na za baada, na hapakuwa na mstari uliochomekwa katikati. Alifunga daftari.

"Agustino," alisema wakirudi garini, "mtu hewa hatemi makohozi."

Nyumba ya Bi Anifa ilikuwa na mlango wa bluu wa kuingilia uani. Telesia alipiga hodi, akakaribishwa, akasimama palepale kizingitini. Ua ulifagiliwa. Vyumba viwili kushoto, kimoja mbele, viwili kulia. Kwenye kona mbili za ua palikuwa na majiko mawili ya mkaa, kila moja na sufuria yake.

Alitoa faili, akafungua mchoro, akaugeuza robo, kisha robo nyingine, mpaka mdomo wa herufi U ukaelekea mlangoni. Visanduku vitano, milango mitano. J1 na J2. Jiko la kwanza, jiko la pili.

Haukuwa mchoro wa ukoo. Jasmine alikuwa amechora nani analala wapi na anakula kwenye sufuria ipi, na kwa ugonjwa unaopita hewani hiyo ndiyo ramani pekee yenye maana.

"Karibu ndani, dada, mbona umesimama kama mgeni wa posa?" Sauti ilitoka kwa mwanamke mnene wa kanga mbili, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo. "Mimi ndiye Anifa."

"Ahsante. Mimi ni Daktari Telesia, natoka wizarani. Nataka kukuuliza kuhusu watu wa nyumba hii."

"Uliza."

"Mudy ni nani wako?"

"Mudy ni Mudy. Ni utingo wa malori."

"Ni mwanao?"

"Sikumzaa."

"Mpwa? Mtoto wa ndugu?"

"Ametoka Kigoma, mimi natoka Pangani. Undugu utapita wapi?"

"Basi ni mpangaji wako."

Bi Anifa aliuweka ungo chini. "Alikuwa mpangaji. Nikusimulie au utaniuliza mojamoja kama polisi?"

"Nisimulie."

"Daktari Jasmine alikuja hapa kwa ajili ya presha yangu. Amenifunga kile kitambaa mkononi, mara akasikia mtu anakohoa ukutani. Akaniuliza, huyo nani? Nikamwambia huyo hakuhusu, ni mpangaji tu. Akaniuliza, mnakula naye? Nikasema ndiyo, sote tunakula pamoja, mwenye mchele analeta mchele, mwenye mkaa analeta mkaa. Akasimama na kifaa chake shingoni. Akasema, Bi Anifa, basi ananihusu, nifungulie mlango."

"Halafu?"

"Mudy alikuwa amelala hapo chini, mifupa mitupu. Na aibu tele! Anaogopa tajiri wa lori akisikia atamfukuza. Daktari akamshika mkono, akakaa naye kitako sakafuni. Kesho yake tukaenda sote tisa kupimwa. Tukapatikana na watatu."

"Dawa walikuwa wanapewa na nani?"

"Miezi miwili ya mwanzo kituoni, kila asubuhi, nami ninawapeleka. Miezi sita ya mwisho hapa, mbele ya macho yangu. Mudy akiwa safarini nilimfungia vidonge vya siku zake kwenye leso, na dereva wake nilimwapisha. Hakikupotea kidonge." Aliinyoosha shingo. "Unataka kujua kama mimi nina familia, dada? Muulize Abdulaziz nani alimwogesha alipokuwa hawezi kusimama. Alikuwa Shamimu, naye anaumwa. Wewe wa kwako wakiumwa, wanaogeshwa na nani?"

Telesia aliandika jibu, swali akaliacha. Kisha alimfuata Mudy stesheni, ambako alikuwa akipakia magunia, na Shamimu kwenye meza yake ya maandazi, kila mmoja peke yake, kabla hawajapata kuonana. Aliwauliza maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti. Rangi ya vidonge, siku ya kupimwa, nani alikaa wapi. Mudy alikosea tarehe moja. Hilo lilimridhisha zaidi, maana waliofundishwa majibu huwa hawakosei.

Kule stesheni, Telesia alipomaliza kumhoji, Mudy alilitwisha bega lake gunia jingine, akamtazama. "Mama, Daktari Jasmine ana shida?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu kama anahitaji shahidi, lori letu linapita Njombe Jumatano. Tutakuja nyumba nzima."

Kesho yake saa mbili asubuhi, Telesia aliketi ofisini kwa Mzee Ezekia na kumwita kwanza Daktari Elius Mgaya, mwanafunzi mrefu wa miwani. Aliiweka barua mezani. Elius aliitazama kwa muda mfupi sana.

"Ni yangu," alisema.

Mzee Ezekia alishika ukingo wa meza. "Elius!"

"Ni yangu, Daktari. Nililiona faili mwezi wa tano. Nilikwenda Makambako, balozi akaniambia hakuna familia kama hiyo. Hospitali hii tumeijenga kwa jasho. Nisingekubali ithibati yetu isimame juu ya uongo wa mtu mmoja."

"Ungeniambia mimi!"

"Ungemtetea."

Mzee aliuachia ukingo wa meza, maana ilikuwa kweli.

"Kutoka kwa balozi mpaka mlango wa bluu ni hatua ngapi?" Telesia aliuliza.

"Sijui."

"Mia moja na arobaini. Nimezihesabu. Kwa nini hukuzimaliza?"

Elius alivua miwani. "Mimi ni wa Mdandu. Kwetu familia ni ukoo, makaburi ya mababu yako nyuma ya nyumba, kila mtu anajua nani kamzaa nani. Nilipoambiwa ni wapangaji, niliona hakuna cha kutazama."

"Kuulinda ukweli si kosa, Daktari. Kosa lako ni uchunguzi wa nusu, na usiouwekea jina lako. Jumamosi utakwenda pale na Daktari Jasmine, utakunywa chai ya Bi Anifa, kisha utaniandikia ulichokiona. Uweke sahihi. Nenda."

Jasmine aliingia na uso wa mtu ambaye hakulala vizuri. Telesia alimfungulia faili kwenye safu tupu.

"Hapa kwa nini hukuandika kitu?"

"Fomu inataka mke, mume, mtoto, ndugu wa damu. Ningeandika lolote kati ya hayo ningedanganya. Hakuna nafasi ya mtu mnayekula naye sufuria moja. Nikaacha wazi."

"Ulijua kwamba kwa mwongozo huu faili linaweza kukataliwa?"

"Nilijua."

"Ulikuwa na familia nyingine za kuchagua. Njombe nzima imejaa baba, mama na watoto."

"Ningechagua, ningekuwa na kumi nzuri." Aliligusa faili kwa kidole. "Na Mudy angekuwa amekufa, na wengine wangemfuata. Daktari, mimi nimefundishwa hapa kwamba mgonjwa hatibiwi peke yake, anatibiwa pamoja na anaoishi nao. Mzee Ezekia ametuimbia hayo miaka mitatu. Kama si hivyo, basi niambieni nilichojifunza ni nini."

Mzee Ezekia aligeukia dirisha na kutafuta leso mfukoni.

Kabla Telesia hajajibu, muuguzi alichungulia mlangoni. Mama wa uzazi wodini, mtoto ametanguliza mkono. Jasmine alikwisha simama.

"Niruhusu, Daktari."

"Nenda."

Hatua zake zilisikika zikikimbia varandani. Telesia aliufungua mwongozo wa kamati ukurasa wa kumi na moja, akausukuma kwa Mzee Ezekia. Kidole chake kilikuwa chini ya sentensi moja: *Familia ni mume, mke, watoto na ndugu wa damu waishio pamoja.*

"Unajua nani aliyeiandika sentensi hii?"

"Kamati."

"Mimi. Niliiandika Dar es Salaam, mezani, mchana mmoja kabla ya chakula, na nikaiona nzuri sana." Alichukua kalamu, akaikata kwa mstari mmoja. Pembeni akaandika: *Familia ni watu wanaoishi, kula na kuuguzana pamoja. Napendekeza kamati ibadili. T. Haule.* Kisha akavuta fomu ya ukaguzi, akajaza bila haraka, akiisoma kwa sauti. "Mafaili arobaini yamekaguliwa kwa sampuli, namba kumi na tisa limehakikiwa nyumbani, maabara na kwa mashahidi watatu. Ni faili bora kuliko yote niliyowahi kuyaona. Napendekeza Hospitali ya Nundumilo ipewe ithibati kamili ya kufundisha udaktari wa familia."

Mzee Ezekia alisukuma kiti nyuma. Alisimama, akafunga vifungo vya koti lake jeupe kimoja kimoja hadi cha juu, kama mtu anayekwenda kupokea heshima mbele za watu.

"Twende tukamwambie," alisema hatimaye.

Mlango wa chumba cha kuzalishia ulifunguka kwa upana wa kiganja. Jasmine alikuwa na barakoa na glavu.

"Daktari Jasmine," Telesia alianza, "nina majibu ya—"

"Mama, subiri nje. Nina mgonjwa."

Mlango ukafungwa. Mzee Ezekia aliinua mikono juu. "Daktari, nakuomba radhi sana, nadhani hakukutambua."

"Amenitambua vizuri kabisa."

Telesia aliketi kwenye benchi la ukutani, kando ya mwanamke aliyejitanda blanketi, soli za viatu vyake zimeganda udongo mwekundu wa mashambani. Mwanamke alimsogezea nafasi.

"Nawe una mtu humo ndani?"

"Namsubiri daktari."

"Aliye na mkwe wangu?" Mwanamke alimsogelea, akashusha sauti. "Mbona kadogo hivyo? Kanajua kazi kweli?"

Telesia aliuweka mkoba wake chini ya benchi, akanyoosha miguu.

"Anajua," alisema. "Nimekwenda mpaka Makambako kuhakikisha."